Kibao, Mwito na Msemo: Maoni juu ya Lugha ya Daladala

Watu wanaoandika juu ya lugha ya mabasi ya Dar es Salaam wana desturi ya kuanzia nyuma ya gari. Huko ndiko yaliko maneno ya mafumbo, ya kejeli na ya dua, yaliyopakwa rangi kwa herufi kubwa, ambayo mwenye kalamu na daftari anaweza kuyanakili gari lisimamapo penye taa za barabarani. Desturi hiyo haina ubaya, kwa kuwa maneno hayo yana ladha. Lakini imetuachia picha iliyopinda. Abiria hapandi basi kwa kusoma nyuma yake. Hulitazama likija, akasoma kibao cha mbele. Likikaribia, akasikiliza mwito wa konda mlangoni. Akiisha kupata yakini kwa jicho na kwa sikio, ndipo hutia mguu ngazini. Msemo wa nyuma husomwa na aliyeachwa kituoni.

Katika makala haya nakusudia kuyapima maneno hayo matatu, yaani kibao, mwito na msemo, kwa mfuatano ule ule ambao abiria huyakuta nao. Nayachukua kuwa tungo. Najua mtu aweza kusema kwamba bati lenye majina mawili ya vitongoji ni tangazo tu, na kwamba ukelele wa mlangoni ni njia ya mtu kutafuta riziki yake. Lakini fasihi yetu haikupata kutengwa na kazi hata siku moja. Wimbo wa kutwanga ni wa kazi, wimbo wa wavuvi ni wa kazi, na utenzi wa kumwonya binti ulitungwa ili utumike nyumbani. Utungo wa kazi hupimwa kwanza kwa kutazama kama waifanya kazi yake, kisha kwa kutazama kama waifanya kwa uzuri. Kazi ya maneno ya basi ni kumfikisha mtu. Kwa hiyo swali nitakaloliuliza mbele ya kila utungo ni moja: je, neno hili humfikisha msikilizaji wake pale liliposema?

Kwanza yafaa kukumbuka asili ya chombo chenyewe. Kabla ya mwaka 1974 mabasi ya mji yalikuwa chini ya Dar es Salaam Motor Transport, kampuni iliyokwisha kutaifishwa. Mwaka huo shughuli zake ziligawanywa, na mabasi ya mjini yakakabidhiwa shirika jipya la Usafiri Dar es Salaam, lijulikanalo kwa kifupi kuwa UDA. Watu walizidi kuongezeka, na magari, vipuri na fedha za kigeni vikazidi kupungua. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria bila ya ruhusa. Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu. Jina la daladala, kama wengi wanavyolieleza, latokana na dala, neno la mitaani la shilingi tano, iliyokuwa nauli. Nalo jina la matatu huko Nairobi huelezwa kuwa latokana na sarafu tatu za senti kumi kumi. Katika miji yote miwili nauli iligeuka ikawa jina la chombo, na kamusi ikafuata nyuma.

Historia hiyo yaeleza kwa nini lugha ya daladala ilijengwa mdomoni. Magari yalikuwa ya wenyewe wengi, kila mmoja na gari lake moja au mawili. Abiria hakuwa na ratiba iliyochapishwa wala ramani ya njia mkononi. Habari ambazo katika miji mingine hubandikwa ukutani, hapa ilibidi zisemwe, tena zisemwe kwa sauti, kila siku, kwa watu ambao wengi wao ni wageni wa mji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 wakazi wa Dar es Salaam hawakufika laki nne. Mwaka 2012 walihesabiwa watu 4,364,541, na mwaka 2022 watu 5,383,728. Sehemu kubwa ya umati huo imejifunza mji huu kwa kuusikia ukitajwa mlangoni mwa basi.

Sasa tukitazame kibao. Ni utungo mfupi sana: jina, kistari, jina. Pengine hata majina yenyewe hukatwa ili yatoshe, na msomaji akutanapo na G/MBOTO – K/KOO hana budi kujua mwenyewe kwamba anaambiwa Gongo la Mboto na Kariakoo. Rangi Tatu ya Mbagala huandikwa kwa tarakimu, Rangi 3, na hakuna alalamikaye. Ajabu ya utungo huu ni kwamba husomwa kwenda na kurudi. Gari likitoka Kariakoo kibao ni kile kile, na likirudi Kariakoo kibao ni kile kile. Hakisemi gari linaelekea wapi; husema linatembea baina ya wapi na wapi. Upande wa barabara aliosimama abiria ndio unaomaliza sentensi. Aliyesimama upande usio wake atasoma maneno sahihi, atapanda gari sahihi, na atapelekwa mbali na kwao. Kwa hiyo kibao kinamtaka msomaji ashiriki katika kukitunga, nao wahakiki hudai jambo kama hilo kwa tungo kubwa kubwa wala hawalitazami kwenye bati.

Pembeni mwa kibao kuna mchirizi wa rangi ubavuni mwa gari, unaotambulisha njia. Rangi hiyo ni fadhili kwa wasiojua kusoma, kwa wenye macho dhaifu na kwa watoto. Mtu mzima aliyekuja mjini hivi karibuni huweza kusafiri mwezi mzima kwa kushika rangi peke yake, kama msafiri wa zamani alivyoshika nyota. Kibao na rangi vyote viwili vinafungwa na leseni: njia iliyoandikwa ni njia ambayo mwenye gari ameiomba na kupewa na mamlaka ya usafiri, zamani SUMATRA, na tangu mwaka 2019 LATRA. Nakuomba, ndugu msomaji, ulishike jambo hili la leseni, maana nitalirudia.

Kibao hutaja ncha mbili na kunyamazia katikati. Katikati ndimo uliko mji, na mji huo hutajwa na mwito. Chukua Barabara ya Morogoro kutoka mjini kwenda Kimara: Faya, Jangwani, Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, Argentina, Manzese, Tip Top, Urafiki, Shekilango, Ubungo, Kibo, Kona, Baruti, Bucha, Korogwe, Kimara Mwisho. Mtu hushuka Argentina bila kuvuka bahari, na hufika Korogwe bila kuuona mkoa wa Tanga. Faya ni penye kikosi cha zimamoto. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Mwembechai hujieleza lenyewe: mwembe, na chai. Njia nyingine nazo zina hazina zao. Kariakoo ni masikio ya Kiswahili yakiyapokea majina ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita Kuu ya kwanza, na kuyafanya laini. Mtoni kwa Aziz Ali humkumbusha baba yake Dossa Aziz, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Posta ya Zamani huwaeleza wapitao kwamba kuna posta iliyotangulia posta nyingine.

Hakuna baraza lililoketi kuyapanga majina hayo. Mengi yalitokana na duka, mti, kona, kiwanda au nyumba ya mtu, yaani kitu chochote kilichoweza kuonwa kutoka dirishani na kutajwa kwa pumzi moja. Kitu kikiisha kuondoka, jina hubaki. Kimara Mwisho lilipewa jina hilo wakati safari ilipokoma pale. Leo magari hupita Mwisho na kuendelea Mbezi na hata Kibaha, wala hakuna anayeona kwamba jina limesema uongo. Limeacha kuwa habari ya barabara, likawa habari ya wakati. Mwanafunzi wa historia anayetaka kujua mji ulikoma wapi na lini, asidharau orodha ya vituo.

Mwito ndio utungo unaoshika orodha hiyo kichwani. Tuutazame kwa kipimo cha wenyewe wenye ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliuhesabu ushairi kuwa ni wimbo, akataka uwe na vina na mizani ili uimbike. Yafaa kukumbuka kwamba mtu huyo huyo alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mji aliouongoza umepata watunzi ambao hawakusoma sheria zake, lakini sikio lao limefika karibu na hapo alipofika. Konda haiti jina mara moja. “Posta, Posta, Posta!” Jina la kwanza hupasua kelele za injini, la pili husikiwa, la tatu huaminiwa. Silabi yenye mkazo, ambayo katika Kiswahili ni ya pili kutoka mwisho, huvutwa mpaka inabeba neno zima, na silabi ya mwisho hukatwa upesi ili jina lifuatalo lipate nafasi. Kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, hakuna konsonanti ya kuziba mdomo mwishoni, na sauti hufika ng'ambo ya barabara. Takriri hii ina sababu ndani yake: imepangwa na haja ya mtu aliye mbali, mwenye haraka, asiyetaka kuachwa. Mizani ya namna hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini akikosea mtunzi wake, gari huondoka tupu.

Mwito una wasaidizi wasio na sauti. Sarafu zinazolizwa kiganjani ni ombi la nauli, na aliyekwisha kulipa hujua kwamba haombwi yeye. Kofi ubavuni mwa gari humwambia dereva asimame au aende. Kituoni kuna mpiga debe, ambaye huita kwa niaba ya gari lisilo lake na kulipwa kidogo kwa koo lake. Jina lake lamfananisha na mtu apigaye bati ili watu wageuke.

Abiria naye ana neno lake, nalo ni moja: “Shusha!” Neno hili lastahili kutazamwa na wanafunzi wa sarufi. Abiria, kwa kawaida, hasemi “nashuka,” kana kwamba mguu ni wake. Hutumia kauli ya kutendesha, akimwamrisha mwingine amfanye ashuke, na yeye mwenyewe hajitaji: shusha nani? Mtendwa hayumo katika sentensi. Kwa silabi mbili amekiri kwamba mwili wake, tangu alipopanda, uko katika amri ya mtu mwingine, na papo hapo amemwamuru mtu huyo. Mgeni mwenye haya, aliyelelewa asipaze sauti mbele ya wakubwa, hupitishwa kituo chake mara mbili tatu kabla ya kujifunza kulitamka neno hili kwa nguvu inayotakiwa. Akiisha kujifunza, amekuwa mtu wa mji.

Wako wanaosema kwamba lugha hii yaharibu Kiswahili. Huonyesha maneno kama konda, suka, denti, kipanya na deiwaka, wakauliza mtoto atajifunza nini mahali kama hapo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi iliyojitahidi sana kuisanifu lugha yake, na ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967. Lakini tuwe waangalifu katika kuchagua kosa. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, katika kazi yao kubwa juu ya lugha ya mitaani katika Tanzania iliyotoka mwaka 2006, wameonyesha kwamba maneno ya namna hii huundwa kwa taratibu zinazojulikana: kufupisha, kukopa, na kutumia istiari. Kipanya ni gari dogo lipenyalo kama panya. Chai maharage lilikuwa gari la zamani lenye mabenchi yaliyotazamana, ambalo abiria wake waliketi kama wateja wa mgahawa. Hizo ni istiari safi; angezitunga mshairi wa makamo, tungemsifu. Kosa la lugha ya daladala, kwa maoni yangu, haliko katika msamiati wake. Liko mahali ambapo neno zuri au baya hutamkwa, nalo halitekelezwi.

Hapa narudi kwenye leseni. Kibao kilichoidhinishwa na mamlaka ni ahadi: gari hili litakufikisha jina la pili. Jioni, watu wanapokuwa wengi, ahadi hiyo huvunjwa kwa desturi iitwayo kugeuza. Gari hufika katikati ya njia, abiria wachache waliobaki huambiwa washuke, nalo hurudi mjini kuchota umati mwingine, kwa kuwa umati wa karibu una faida kuliko wachache wa mbali. Waliotelemshwa hutafuta gari jingine na kulipa mara ya pili. Kibao hakikubadilika. Kiliandikwa kwa herufi nzuri, kwa rangi iliyokubaliwa, na kimesema uongo. Mhakiki akikisifu kwa ufupi wake tu, bila kusema hayo, atakuwa amesifu sahani na kusahau kwamba haina chakula.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwanafunzi aliyevaa sare hulipa nauli ndogo kwa amri ya serikali. Asubuhi na jioni watoto hao husimama kituoni kwa makundi. Mwito hupigwa, “Mbagala, Mbagala, Mbagala!”, nao huenda mlangoni, na huko hukuta mkono umewekwa kizuizi, au huambiwa kwamba wanaotakiwa ni wawili tu, au gari husimama mbele kidogo ya kituo ili watu wazima wakimbilie na watoto wachelewe. Mwito ulimwita kila aendaye Mbagala. Mtoto naye anaenda Mbagala. Wala neno “denti,” ambalo mahali pengine ni utani mwema, hapa halina utani tena, kwa kuwa limetumiwa kumtenga mtu na jina la kwao. Mtoto huyu hufika shuleni akiwa amechelewa au hufika nyumbani usiku, na huko njiani amejifunza somo juu ya maneno ambalo hakuna mwalimu wa Kiswahili aliyemfundisha: kwamba neno laweza kusemwa kwa watu wote na kukusudiwa kwa baadhi.

Haki yataka tuseme pia kwamba konda si mtunzi wa pekee wa uongo huo. Matteo Rizzo, aliyewachunguza wafanyakazi wa daladala kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu yao mwaka 2017, ameeleza jinsi kazi hii ilivyojengwa. Mwenye gari hudai hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku, wala haulizi zimepatikanaje. Dereva na konda hulipa hesabu, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho ujira wao. Siku mbaya hakibaki kitu. Wengi wao hufanya kazi bila mkataba wa maandishi, kwa saa nyingi mno. Kwa mtu wa namna hiyo kila mtoto anayeketi ni pungufu katika hesabu, na kila kilomita tupu ni hasara. Kwa hiyo kibao kina watunzi watatu: serikali iliyoidhinisha njia na kupanga nauli ya mtoto bila kuwekea gari fidia yake, mwenye gari aliyeweka hesabu, na konda aliyesimama mlangoni. Abiria humwona mmoja tu, naye humtukana huyo. Mhakiki anapaswa kuwaona wote watatu.

Tukiisha kujua hayo, twaweza kwenda nyuma ya gari na kuusoma msemo kwa akili nyingine. Msemo wa gari ni ndugu wa msemo wa kanga, na maneno mengine hutumika kote kuwili. “Hasidi hana sababu” yaweza kusomwa kiunoni mwa mama na mgongoni mwa basi. Lakini hali zao hazifanani. Kanga huvaliwa mbele ya mtu anayejulikana: jirani, mke mwenza, wifi. Mlengwa hujijua, na ukali wa fumbo hutokana na kujijua huko. Basi halina jirani. Humtupia maneno kila aliye nyuma yake, na msemo uliokuwa mshale ukawa mvua. Ndiyo maana misemo mingi ya magari, ingawa inapendeza kwa mara ya kwanza, huchosha kwa mara ya tatu: majivuno ya mwenye mali, majina ya wanamuziki na ya timu za mpira, vitisho kwa maadui wasiokuwapo.

Ipo hata hivyo misemo yenye uzito, nayo aghalabu ni ile ambayo mlengwa wake ni msemaji mwenyewe. “Maisha ni vita” ni maneno ya kawaida sana, na katika kinywa cha tajiri hayana maana. Yakiandikwa kwenye gari ambalo dereva wake ameamka usiku wa manane na hajui kama hesabu itatimia, ni taarifa. Rizzo aliyatumia maneno ya maana hiyo kuwa jina la makala yake ya mwaka 2011 juu ya wafanyakazi hao, na alifanya vema, kwa kuwa aliyasoma pamoja na kazi iliyoyaandika. Na sasa tukumbuke ni nani anayesoma nyuma ya gari. Ni aliyeachwa kituoni. Mfanyakazi aliyebanwa anamwandikia abiria aliyebanwa, na baina yao kuna moshi. Katika tungo tatu za daladala, huu wa mwisho haumfikishi mtu popote, wala haukuahidi kumfikisha. Kwa kipimo nilichokiweka, ndio pekee usioweza kusema uongo. Nao uhuru huo ni udhaifu wake vilevile.

Tangu tarehe 10 Mei 2016 mji umepata namna nyingine ya basi. Mabasi makubwa hupita katika njia yao wenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco, mwendo wa kilomita 21 hivi. Jina la kiserikali ni Mabasi Yaendayo Haraka. Watu walilitazama jina hilo, wakaona ni refu kwa kuitwa, wakasema mwendokasi. Nakiri kwamba watu walishinda: nomino mbili zilizounganishwa zimefanya kazi ya kishazi kizima, na lafudhi yake ina mwendo ndani yake.

Katika mwendokasi, tungo nilizozieleza zimebadilika sana. Hakuna konda wa kuita mlangoni. Nauli hulipwa kabla ya kupanda. Kituo kina jina lililoandikwa. Wako wanaosikitika kwamba ushairi wa mwito umekufa katika njia hiyo. Siwezi kuungana nao moja kwa moja. Abiria mwenye sare halazimiki kumbembeleza mtu mlangoni, na gari halina konda wa kuligeuza kwa ajili ya hesabu ya siku. Ukimya ulioondoa mwito umeondoa pia baadhi ya uongo wa mwito. Tena majina hayakufa. Waliopanga vituo vya njia hii waliyachukua majina ya makonda na kuyaandika rasmi: Argentina, Tip Top, Mwembechai, Usalama, Bucha, Baruti, Kona. Fasihi simulizi ya mlangoni imekuwa maandishi ya serikali, na hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mtunzi asiyejulikana jina.

Lakini na mwendokasi nao tuupime kwa kipimo kile kile, maana jina lake nalo ni ahadi. Mto Msimbazi ukifurika, njia hufungwa pale Jangwani, na jina zuri husimama pamoja na magari. Bonde hilo lilijulikana kwa mafuriko kabla ya njia kujengwa. Abiria aliyekwama ng'ambo ya maji hukumbuka kwamba daladala, pamoja na dhambi zake zote, ilikuwa na mtu wa kumwuliza: konda angepaza sauti, angesema njia imefungwa, angetaja njia nyingine, pengine angedai nauli zaidi, lakini angesema. Palipo na ukuta wenye jina peke yake, pana haja ya mtu wa kusema pale jina linaposhindwa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la mwito linalostahili kulindwa: sauti ya mtu inayowajibika kwa habari iliyotoa.

Nina ombi kwa wanafunzi wa lugha na fasihi ambao husafiri kila siku kati ya Mlimani, Mwenge na Ubungo. Wanapokusanya lugha ya mabasi, wasinakili misemo ya nyuma peke yake. Waandike na kibao, na rangi, na mwito kama ulivyotamkwa, na saa, na kituo. Kisha waandike jambo moja zaidi ambalo halimo katika mikusanyo yetu: gari lilifika wapi. Bila habari hiyo ya mwisho tutakuwa na maneno mengi ya kufurahisha, na hatutajua thamani ya hata moja. Wasipate haya kutoa hukumu, wakisema kwamba mwito huu ni mzuri na ni wa kweli, na ule ni mzuri na ni wa uongo, kwa kuwa msikilizaji wa kwanza wa tungo hizi, yaani mtoto aliyesimama kituoni na vitabu vyake, hutoa hukumu hiyo kila asubuhi, na hana jarida la kuiandikia.